Betri Haichomolewi Injini Ikinguruma

Land Cruiser inayosubiri kufunguliwa Lango la Ikoma mwezi Juni, nyumbu wakiwa wameshaufikia Mto Grumeti, si gari lile lililotoka kiwandani Japani. Lilipofika Tanzania lilikatwa, likarefushwa, likawekewa paa la kuinuka na viti vya watalii. Kisha likaanza kuongezewa vyombo. Redio ya upepo ili madereva waambiane chui yuko mti gani. Friji ya maji na soda. Inveta ya kuchajia betri za kamera. Soketi za simu kila kiti. Taa za ziada za mbele, na kifaa cha kumwonyesha tajiri aliyeko Arusha gari lake liko wapi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwemo kwenye mchoro wa umeme wa mhandisi wa Toyota. Vyote vilifungwa na mafundi wetu, na namna vilivyofungwa ndiyo inayoamua kama vitadumu misimu mitano au vitaungua kabla ya vuli.

Sura hii inahusu kuungua huko. Dereva akiambiwa redio imekufa, maelezo anayopewa ni kwamba "umeme ulizidi". Ni kweli, ulizidi. Lakini ulitoka wapi? Gari haliungwi kwenye nguzo za TANESCO, wala radi haikupiga. Umeme uliozidi ulizaliwa ndani ya gari lenyewe, na karibu kila mara ulizaliwa kwa sababu moja: mkondo uliokuwa unapita vizuri ulikatwa ghafla.

Tuanze na kosa kubwa kuliko yote, ambalo bahati mbaya ni desturi. Taa ya chaji imewaka kwenye dashibodi. Fundi anafungua boneti, anamwambia dereva awashe injini, analegeza temino ya betri na kuinyanyua huku gari likinguruma. Injini isipozima, anatangaza kwamba alteneta ni nzima. Ikizima, alteneta ndiyo mbovu. Kipimo hakina gharama, jibu linapatikana papo hapo, na wazee wa gereji wamekifanya miaka mingi bila hasara iliyoonekana.

Hasara haikuonekana kwa sababu gari lilikuwa halina kitu cha kuunguza. Injini ya 1HZ, dizeli ya silinda 6 na lita 4.2 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990, ndiyo iliyowalea mafundi wengi wa ukanda huu. Pampu yake ya mafuta inaendeshwa kwa gia na springi, si kwa kompyuta. Ukiipa umeme wa kustata na wa kuishikilia valvu ya mafuta, kazi imekwisha. Balbu na feni huvumilia volti zikipanda kwa nukta ya sekunde. Vifaa vyenye transista na chipu havivumilii. Na desturi yenyewe ina umri mkubwa kuliko 1HZ. Ilianza enzi za dainamo, kabla ya kampuni ya Chrysler kuanza kuweka alteneta kwenye magari yake ya kawaida mwaka 1960 na dunia nzima kufuata. Dainamo ilitoa mkondo mdogo. Alteneta ya leo inaweza kutoa ampea 80 au zaidi.

Kinachotokea temino ikinyanyuliwa ni hiki. Alteneta ina sumaku ya umeme inayozunguka katikati, na kidhibiti chake hupunguza au huongeza nguvu ya sumaku hiyo kulingana na mahitaji. Tuseme betri ilikuwa na njaa na inakula ampea 50. Ghafla mlaji huyo anaondolewa. Kidhibiti kinaona volti zinapanda na kukata mkondo wa sumaku mara moja, lakini usumaku wenyewe haufi mara moja. Unafifia polepole, na wakati unafifia alteneta inaendelea kusukuma umeme usio na pa kwenda. Volti zinapaa. Kanuni ya kimataifa ya ISO 16750, inayotumiwa kupimia vifaa vya magari kabla ya kuuzwa, inakadiria kwamba katika gari la volti 12 lisilo na kinga mruko huo hufika kati ya volti 79 na 101. Kwa gari la volti 24 ni kati ya 151 na 202. Hudumu hadi milisekunde 400, yaani karibu nusu sekunde. Ukiwa na chipu iliyotengenezwa kuvumilia volti 40, nusu sekunde ni muda mrefu sana.

Betri ikiwa mahali pake, mruko wa namna hiyo hauwezi kukua. Betri ni kama lambo chini ya mlima: mafuriko yakishuka huingia humo na kutulia, na anayeteka upande wa pili hajui kama mvua ilinyesha. Watu wengi hudhani kazi ya betri ni kuwasha gari tu. Injini ikishawaka, kazi yake kubwa ni hiyo ya kumeza.

Alteneta nyingi za kisasa zina dayodi maalumu zinazoukata mruko ufike kama volti 35 tu, na vifaa vizuri hujengwa kuustahimili. Lakini alteneta iliyokarabatiwa kwa dayodi za kuokotezwa kwenye alteneta nyingine haina ahadi hiyo. Hapo mtu asinyanyue temino kabisa.

Anayetaka kujua kama alteneta inachaji atumie multimita, kifaa kinachouzwa hata kwenye maduka ya vifaa vya umeme wa nyumba. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Washa injini, pandisha mzunguko kidogo, soma tena. Kati ya 13.8 na 14.5, alteneta inachaji. Ikibaki 12 na pointi na kuendelea kushuka, haichaji. Ikipita 15, kidhibiti kimekufa na gari linajiunguza lenyewe polepole, kosa ambalo kipimo cha kunyanyua temino hakiwezi kukuonyesha kamwe. Kisha washa taa zote na feni, uangalie kama volti zinaanguka. Hivyo tu.

Mruko wa pili ni mdogo kwa nguvu lakini ni wa kila saa, nao unatoka kwenye koili. Mmarekani Joseph Henry aliueleza mwaka 1832: aligundua kwamba ukikata umeme unaopita kwenye waya mrefu uliosokotwa, cheche kali huruka pale unapokatia, kali kuliko betri yenyewe inavyoweza kutoa. Mkondo ndani ya koili haupendi kusimama. Ukiukata kwa nguvu, koili hupandisha volti kwa mwelekeo wa kinyume mpaka upate njia. Henry huyo huyo, miaka michache baadaye, anatajwa miongoni mwa watu wa kwanza kutumia rilei. Kwa hiyo chombo tunachokitumia kulinda umeme wa gari kina ndani yake kitu kile kile kinachouharibu, na mtu mmoja alivijua vyote viwili.

Nalisema hili kwa sababu mafundi wengi huamini kwamba rilei ni kinga. Mteja akilalamika kwamba vifaa vinaungua, jibu linakuwa "tuweke rilei". Rilei ni swichi inayosukumwa na sumaku. Inakuwezesha kuwasha mzigo mkubwa kwa swichi ndogo, bila ampea 15 kupita kwenye ufunguo wa gari. Inakuwezesha pia kutenga vyombo visiguswe wakati wa kustata, jambo tutakalolifikia. Lakini koili yake hula kiasi cha ampea 0.15, na ukiizima bila dayodi inaweza kurudisha volti mamia kwenye waya ule ule inakopata umeme redio. Ukifunga rilei nne kwa ajili ya kinga, bila dayodi, umeongeza vyanzo vinne vya mruko.

Dawa yake ina bei ndogo kuliko ya soda. Ni dayodi moja, mathalani 1N4007, inayobeba ampea 1 na kuhimili volti 1,000 za kinyume. Inafungwa sambamba na koili, upande wenye mstari ukielekea chanya. Wakati rilei imewashwa dayodi imelala, haipitishi kitu. Rilei ikizimwa, koili inageuza mwelekeo, dayodi inaamka, na mkondo unazunguka humo ndani mpaka uchoke. Ukiifunga kinyume itakuwa shoti, na fyuzi itakwambia papo hapo. Ifungwe pale pale kwenye miguu ya rilei, si mita mbili mbali nayo, maana waya unaobaki kati ya koili na dayodi ndio utakaopiga kelele.

Miguu ya rilei nyingi ina namba, na namba hizo zilitokana na kanuni ya Kijerumani, DIN 72552. Namba 85 na 86 ni koili. Namba 30 inapokea umeme mzito kutoka betri, 87 inaupeleka kwenye mzigo, na 87a, ikiwepo, inaunganishwa wakati rilei imezimwa. Kwa rilei tupu haijalishi kati ya 85 na 86 ipi ni chanya. Kwa ile yenye dayodi ndani inajalisha sana: chanya huingia 86, hasi 85. Mchoro mdogo ubavuni mwa rilei unaonyesha kama dayodi ipo. Usomwe kabla ya kufunga, hasa kwa rilei iliyotolewa kwenye gari bovu.

Rilei siyo peke yake. Sumaku ya kompresa ya kiyoyozi, honi, mota ya waipa na solenoidi ya stata zote ni koili, na ya stata ndiyo baba lao. Gari likiwaka na dereva akiachia ufunguo, solenoidi hiyo inatupa mruko wake kwenye nyaya za swichi. Redio ya upepo iliyounganishwa kwenye waya wa swichi kwa kuuchuna ganda na kuzungushia nyuzi za shaba inaupokea wote.

Ndiyo maana redio inastahili waya wake mwenyewe kutoka betri. Fundi atauliza kwa nini ahangaike kupitisha waya mrefu hivyo wakati umeme upo nyuma ya dashibodi. Jibu moja ni betri yenyewe: ukichukua umeme kwenye nguzo za betri, unachukua mahali ambapo miruko humezwa. Ukichukua mbali, baada ya feni na waipa, unachukua pale inapozaliwa.

Jibu la pili ni hesabu. Redio ya VHF ya wati 50 inaweza kula ampea 12 unapobonyeza kusema. Tuseme kutoka betri hadi redio ni mita 5, na kurudi mita 5. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa karibu milioumu 12 kwa kila mita. Mita 10 ni omu 0.12, na kwa ampea 12 unapoteza volti 1.4 njiani. Betri ikiwa na 12.4, redio inaona 11. Dereva anasikia wenzake wakizungumza lakini akijibu hawamsikii, naye anailaumu antena. Waya wa milimita za mraba 4 ungepoteza nusu volti tu. Tofauti ya bei ni ndogo, ila waya mwembamba hupita kwa urahisi kwenye tundu la ukuta wa injini, na hilo limewashinda wengi.

Fyuzi iwekwe karibu na betri, isizidi shubiri moja. Hapa tuondoe imani nyingine: fyuzi hailindi redio dhidi ya volti kuzidi. Fyuzi husikia joto la mkondo, na mpaka iyeyuke, chipu imeshakufa zamani. Inalinda waya usiwake moto pale ganda litakapokwaruzwa na bati. Ukiiweka upande wa redio, mita 5 zote za waya kutoka betri zimebaki bila mlinzi, na gari la safari lina mafuta, turubai na wageni sita.

Sasa kazi halali ya rilei. Wakati stata inazungusha injini ya dizeli asubuhi ya baridi, volti za betri huanguka, mara nyingi hadi 9 au chini yake. Kisha injini inawaka, stata inaachia, na volti zinaruka hadi 14. Friji na inveta zilizo wazi wakati huo zinazima, zinawaka, zinazima tena. Kompresa ya friji inajaribu kuondoka huku haina nguvu. Suluhisho ni kupitisha umeme wao kwenye rilei ambayo koili yake inatoka kwenye mstari wa vifaa, ule unaowasha redio ya muziki. Katika Toyota nyingi mstari huo hukatika ufunguo ukiwa kwenye stata na kurudi unapoachia. Rilei inajitenga yenyewe, dereva hafanyi lolote. Mwenye betri ya pili kwa ajili ya friji atumie rilei inayosoma volti: inaunganisha betri mbili volti zikifika kama 13.3, dalili kwamba alteneta inafanya kazi, na kuzitenganisha zikishuka karibu 12.8. Kwa Ikoma na vumbi lake rilei iwe ya kufungwa, si ile ya kifuniko kinacholegea, na igeuzwe miguu ikitazama chini ili maji ya kuoshea injini yasikae ndani.

Yote haya yanaweza kufanywa kwa ustadi na bado vifaa vikaungua, kwa sababu ya barabara. Fundi akiacha desturi ya kunyanyua temino, barabara inamnyanyulia. Njia ya kutoka Naabi kwenda Seronera, na nyingine nyingi za changarawe zinazoelekea Ikoma na Mugumu, zina vijituta vilivyojipanga mfululizo, na gari linatetemeka juu yake saa nzima bila kupumzika. Betri iliyoshikiliwa kwa mpira wa tairi inacheza. Nguzo yake ya risasi, ambayo ni laini, inalika. Temino inalegea kiasi kwamba ukiitazama imekaa, ukiigusa inazunguka. Kila mtikisiko unakata na kuunganisha, alteneta ikiwa katikati ya kuchaji. Ni kosa lile lile la gereji likirudiwa mara nyingi njiani, bila shahidi.

Kwa hiyo naweka mabano ya betri juu ya dayodi kwa umuhimu. Bano la chuma lenye boliti mbili, mpira chini, temino iliyokazwa kwa spana na si kwa kugongwa nyundo. Ule unga wa kijani au mweupe uoshwe kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa ili magadi yasiingie ndani, kisha pakaushwe na kupakwa grisi. Kupima ni rahisi: weka ncha moja ya multimita kwenye nguzo ya betri yenyewe, nyingine kwenye temino iliyoivaa, mtu mwingine apige stata. Ukisoma zaidi ya volti 0.2 kati ya vitu viwili vinavyogusana, havigusani vizuri.

Athi ni hivyo hivyo, na husahaulika zaidi kwa kuwa haina fyuzi wala rangi nyekundu. Waya unaounganisha injini na bodi hukatika taratibu ndani ya ganda lake. Ukikatika kabisa, mkondo wa stata, mamia ya ampea, hautaacha kurudi betri; utatafuta njia nyingine. Utapita kwenye kebo ya akseleta ikapata moto, au kwenye waya hasi wa redio na ganda la kebo ya antena. Hapo redio inaungua bila volti kuzidi hata kidogo. Hasi ya redio ifungwe kwenye bodi pale ambapo waya hasi wa betri unafungwa, bati likiwa limekwanguliwa rangi.

Kuhusu volti 24 niseme kwa ufupi, ingawa hasara zake si fupi. Baadhi ya Land Cruiser za zamani na malori ya Fuso yana betri mbili mfululizo. Anayetaka volti 12 za redio huzichukua kwenye betri moja. Redio itafanya kazi, lakini betri hiyo itakuwa na njaa daima huku mwenzake akichajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema. Kinunuliwe kipunguza volti. Na gari la volti 12 likizima njiani, Fuso ikasimama kusaidia, nyaya za kubusti ziende kwenye betri moja tu ya Fuso, ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye chesi, injini ya Fuso ikiwa imezimwa. Watunga kanuni walijua binadamu atakosea: ISO 16750 inataka kifaa cha volti 12 kivumilie 24 kwa dakika moja. Dakika moja, si safari ya kurudi Mugumu. Gari lililobustiwa likishawaka, washa taa kubwa na feni kabla ya kuchomoa nyaya, ili kuwe na mlaji wa kumeza kitakachoruka.

Mambo haya yatazidi kuwa ghali. Mwaka 2023 Toyota ilitangaza Land Cruiser 70 yenye dizeli ya lita 2.8 inayoongozwa na kompyuta, na magari ya namna hiyo yakizeeka yatafika kwenye gereji zile zile zilizolelewa na 1HZ. Kontroli boksi ikiungua, gari halitembei, na hakuna cha kuchonga wala cha kuazima. Mwenye gari la aina hiyo afikirie pia dayodi nene ya kukata mruko, iliyotengenezwa kwa ajili ya magari, iliyofungwa kati ya chanya na hasi mbele ya kila kifaa cha gharama. Kwa mfumo wa volti 12 achague inayokaa kimya mpaka volti zipite 24, isije ikaungua siku ya kubustiwa.

Jambo la mwisho ni kuchomelea. Barabara hizi huvunja mabano ya springi na kupasua chesi, na mashine ya kuchomea huletwa gari lilipo. Mkondo wake ni mamia ya ampea, na utarudi kwa njia yoyote itakayoupata. Injini izimwe, ufunguo utolewe, ndipo temino zichomolewe, hasi kwanza, kisha chanya. Plagi za alteneta na za kontroli boksi zitolewe ikiwa zinafikika, na antena ifunguliwe kutoka redioni. Klipu ya athi ya mashine ibane chuma kile kile kinachochomwa, karibu na mshono, isiwe kwenye bampa la upande wa pili. Kazi ikiisha na chuma kikipoa, plagi zirudishwe, chanya ifungwe kwanza, hasi mwisho. Kisha ndipo gari liwashwe, redio, friji na inveta zikiwa bado zimezimwa, mpaka multimita isome 13.8.